Jonah Aliyeuza Ng'ombe Akanunua Rozi

Mtu akija kuniambia kuna kitu ambacho siku hizi kila mtu anakinunua, kwa hivyo na mimi nikinunue, huwa namwuliza kwanza kama anamjua Jonah Kipkemei. Akisema hamjui, namwekea chai na kumwambia akae. Akisema anamjua, anaona haya mwenyewe, na tunazungumza mambo ya mvua.

Jonah alikuwa rika la mume wangu, Kimaiyo. Walitahiriwa pamoja, wakakaa porini pamoja wakipona, na kwetu Londiani watu wa namna hiyo hawaachani mpaka kaburini. Tofauti yao ni kwamba Jonah alisoma misheni, Kimaiyo hakusoma. Jonah akapata kazi ya ukarani Nakuru, kwenye ghala la pareto, na kila mwisho wa mwezi alishuka kwenye treni akiwa amejifunga tai hata kama jua ni la kukausha mto. Alikuwa mtu mwema, nisimsingizie. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona watu wakikimbilia mahali bila na yeye kukimbia, na akishafika anataka ionekane ndiye aliyetangulia.

Baba yake Jonah alipofariki, yeye ndiye aliyekuwa kifungua mimba, kwa hivyo ng'ombe wa marehemu wakabaki mikononi mwake. Walikuwa mali yake na ya mdogo wake, Kipketer, kijana mpole aliyekuwa akipanda miti katika msitu wa serikali. Kipketer alimpenda Chemutai, binti ya dada yangu. Na Chemutai alimpenda, naweza kuapa, maana nilimwona mwenyewe akienda kuteka maji kwa njia ndefu inayopita kwenye miche, akiacha njia fupi ya mama yake. Koito, kile kikao chetu cha mahari, kilipangwa mwezi wa Desemba mwaka huo wa hamsini na saba. Watu wa dada yangu walitaka ng'ombe sita. Na pembeni kulikuwa na askari mmoja wa Kericho, aliyefiwa na mke, ng'ombe wake tayari bomani, meno yake ya kuhesabika, akingoja tu Kipketer ashindwe.

Hatukuwa na wasiwasi. Ng'ombe sita kwa Jonah walikuwa kitu gani? Baba yake aliacha zaidi ya kumi.

Ila usingewaona ukienda kwake. Kwetu mwenye akili hafugi ng'ombe wake wote katika boma moja. Mmoja anampeleka kwa rafiki wa kule Molo, mwingine kwa rafiki wa karibu na mto, mwingine kwa shemeji juu mlimani. Tunaita kimanagan. Ng'ombe akikaa kwangu, maziwa ni yangu na samadi ni yangu, ndama ni wako. Akifa, nakuletea ngozi uione kwa macho yako, usije ukadhani nimemchinja nikamla. Siku ukimchukua, unaniachia mtamba wa shukrani. Ugonjwa ukiingia boma lako, maboma mengine yamepona. Na ukipatwa na shida, una milango ya kubisha, kwa sababu nyuma ya kila mlango kuna mtu ambaye watoto wake wamekunywa maziwa yako. Ng'ombe wa baba yake Jonah walikuwa katika nyumba saba. Mmoja wao, mweupe mwenye masikio meusi, aliitwa Chelel, na alikuwa kwangu. Nilimkamua asubuhi na jioni tangu mtoto wangu wa pili hajaanza kutambaa.

Sasa nikupeleke Nakuru kwa Bwana Haskett.

Huyu alikuwa mzungu mwembamba, uso mwekundu, mtu wa mipango. Alilima pareto, baridi ikaiua. Akafuga punda wa kuuza, punda wakamchoka wakaondoka. Ndipo akanunua mashine kuukuu ya kujaza chupa, akaiweka kwenye banda karibu na reli, akaanza kutengeneza soda. Akaipa jina Rozi. Ilikuwa na rangi ya waridi kali kuliko waridi lenyewe, na ladha yake, mimi niliyeinywa nakwambia, ilikuwa ladha ya sabuni iliyotiwa sukari. Lakini ilikuwa na jambo moja ambalo soda nyingine haikuwa nalo. Ukiinywa, ulimi wako unageuka waridi, na unabaki hivyo siku mbili, usugue usisugue.

Mtu mwingine angeona hiyo ni hasara. Lakini mjini Nakuru alikuwepo Owino, mchochea moto wa treni, ambaye Jumamosi alipiga kodiani katika jumba la dansi la landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Owino akivaa kofia upande, wiki ijayo vijana wote wamevaa kofia upande. Jumamosi moja alipiga wimbo wake mpaka katikati, akasimama, akawatolea watu ulimi. Ulimi waridi! Wasichana wakapiga kelele. Kufikia mwisho wa mwezi, kijana asiye na ulimi waridi alikuwa hana pa kuuficha uso wake. Makarani walikunywa Rozi, wapishi wa wazungu walikunywa Rozi, lori la Haskett likawa linashuka mpaka Mai Mahiu kuwauzia madereva. Watu walisalimiana kwa kutoleana ndimi barabarani, watu wazima wenye kazi zao.

Jonah akaona watu wanakimbia.

Yeye hakutosheka na kuinywa. Haskett alikuwa na ubao mweusi kwenye geti la kiwanda, na kila Ijumaa jioni aliandika kwa chaki bei ya hisa ya kampuni yake. Sheria za wakati huo hazikuwapa Waafrika nafasi kwenye soko la hisa la Nairobi, lile lilikuwa la wazungu kati yao. Lakini Haskett hakuwa na ubaguzi. Pesa ya mtu yeyote aliipokea kwa mikono miwili, akampa karatasi yenye muhuri na picha ya ua. Bei ikapanda Ijumaa ya kwanza, ikapanda ya pili, ikapanda ya tatu. Jonah alikuwa akienda pale getini baada ya kazi, anasimama mbele ya ubao na tai yake, anatabasamu kama mtu anayetazama ng'ombe wake wakinywa maji. Alinunua kwa mshahara wake. Halafu mshahara akauona mdogo.

Alikuja kwetu mwezi wa tano, siku ya Jumapili, baada ya kanisa. Nikamkaribisha chai. Ulimi wake ulikuwa waridi mpaka kooni.

"Rika," akamwambia Kimaiyo, "nimekuja kumchukua Chelel."

"Ni wako," Kimaiyo akasema. "Kuna shida nyumbani?"

"Hakuna shida. Kuna nafasi." Akatoa ile karatasi yenye ua, akaitandika mezani. "Hii inaitwa hisa. Ni kimanagan ya wazungu. Wewe unampelekea mzungu mali yako, yeye anaitunza kwa kampuni yake, inazaa."

Kimaiyo akaigeuza karatasi upande wa pili. Haikuwa na kitu.

"Na maziwa anakunywa nani?"

"Mwenye kampuni. Ni haki yake, si ndiye anatunza?"

"Sawa. Na ndama?"

"Ndama ndiyo faida. Inakuja kila mwaka."

"Umeshaona hata mmoja?"

"Kampuni bado changa, rika. Lakini bei imepanda! Kila Ijumaa inaandikwa kwa ubao, watu wote wanaona."

"Nani anaandika?"

"Bwana Haskett mwenyewe."

"Na hizo hisa anauza nani?"

"Bwana Haskett."

Kimaiyo akanitazama, na mimi nikatazama chungu. Anayeuza ndiye mwenye chaki! Hata mtoto wangu angeona hapo. Lakini Jonah alikuwa amesoma misheni, na kumkatiza aliyesoma akiwa ameshika karatasi ni vigumu.

"Swali moja la mwisho," Kimaiyo akasema. "Huyo ng'ombe wako akifa kwa mzungu, utaonyeshwa ngozi?"

Jonah akacheka mpaka tai ikaruka begani. "Soda inakufa, Kimaiyo? Watu wataacha kusikia kiu?"

Mimi sikuweza kuvumilia. "Na mahari ya Kipketer?" nikamwuliza. "Desemba si mbali, Jonah. Askari wa Kericho hauzi soda, yeye ana ng'ombe wa miguu minne."

"Shemeji," akaniambia, kwa ile sauti ya kumweleza mtoto, "hao sita watakuwa kumi na wawili kabla ya Desemba. Nitamwolea Kipketer na nitabaki na wengine. Nyinyi mnaogopa kwa sababu hamtembei."

Akamfungua Chelel. Mtamba wa shukrani nilimngoja nisimwone. Badala yake siku ya pili kijana wa stesheni alituletea kreti ya Rozi, na salamu kwamba hiyo ndiyo shukrani ya kisasa. Kreti ya soda kwa ng'ombe wa maziwa! Mwanangu Jelagat alilia maziwa siku tatu, nikampa turungi, chai isiyo na maziwa, na nilikasirika kiasi kwamba nilimkasirikia hata Kimaiyo, ambaye kosa lake lilikuwa kusema "ni wako" juu ya kitu ambacho kweli hakikuwa chake.

Jonah akazunguka nyumba zote saba hivyo hivyo. Molo, mtoni, mlimani. Kila mahali alifungua ng'ombe, kila mahali aliacha kreti. Ng'ombe wote wakaenda mnadani Londiani, na pesa zikapanda treni kwenda kwa Bwana Haskett. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Jonah hata huo msala hakuuona, aliona ubao uliochorwa bei yake.

Usidhani mambo yaliharibika upesi. Yalizidi kuwa mazuri, na hilo ndilo baya lake. Bei ikapanda tena. Jonah akaanza kuwashauri watu. Alisimama kanisani wakati wa matangazo akaeleza tofauti ya mtu anayefanyia mali kazi na mtu ambaye mali inamfanyia kazi. Mchungaji alipomwomba mchango wa mabati ya paa, Jonah alisema mali yake yote iko kazini na si vizuri kuisumbua. Kipketer akamwuliza kwa heshima kama sasa hawezi kuuza karatasi kidogo anunue hata ng'ombe wawili, wawekwe. Jonah akamwambia hakuna mtu mwenye akili anayeuza kitu kinachopanda.

Sasa sikiliza jinsi Rozi ilivyokufa, maana Jonah ndiye aliyeiua kwa mkono wake, na hajui mpaka leo.

Zile kreti saba za shukrani zilikuwa katika nyumba saba za watu wa mashambani. Watu wa mashambani hawatupi kitu. Tulizinywa. Nilikunywa mimi, akanywa mama mkwe wangu ambaye alikuwa hana jino, wakanywa makogo wote wa Londiani, bibi zetu wale waliotoboa masikio mpaka yakafika mabegani. Wakapenda. Walisema inafukuza minyoo. Na mwezi wa kumi kwaya ya akina mama ya kanisa letu ikaalikwa kuimba Nakuru kwenye maonyesho ya ukulima. Tukapanda treni na vitambaa vyetu vyeupe, askari wakatukagua pasi kwenye kila stesheni kama ilivyokuwa enzi hizo za Hali ya Hatari, na makogo walibeba chupa walizobakisha wakanywa njiani, ili wafike wakiwa watu wa mjini.

Tulipofika stesheni ya Nakuru, Owino alikuwa anashuka kwenye injini yake, na vijana wake wa dansi wamemzunguka. Kogo mmoja, dada wa mama mkwe wangu, aliwaona, akakumbuka adabu mpya aliyosikia, akamtolea ulimi. Akamtolea wote, mrefu, waridi. Na nyuma yake makogo wengine wote, safu nzima ya kwaya, wakatoa ndimi zao kwa furaha kubwa. Mimi pia nilitoa. Ningefanyaje, nilikuwa kwenye safu.

Owino alifunga mdomo wake. Nilimwona akiufunga. Aliwatazama wale makogo, akawatazama vijana wake, na akawa kama mtu aliyekuta bibi yake amevaa suruali yake. Jumamosi iliyofuata alipanda jukwaani amevaa miwani myeusi, akanywa maji ya glasi mbele ya watu. Ulimi wake ulikuwa msafi, alikuwa ameusugua kwa majivu. Kwa wiki mbili Nakuru nzima ilisugua ndimi kwa majivu na kutafuta miwani myeusi. Ulimi waridi ukawa alama ya mtu aliyetoka kuchunga jana. Wasichana walimcheka kijana mmoja wa posta mpaka akaomba uhamisho.

Na Jonah alikuwa wapi? Alikuwa pale pale stesheni, alikuja kutupokea. Aliwaona makogo wake na ndimi zao akashika kichwa kwa furaha. "Umeona, Chepkorir?" akaniambia. "Hata makogo! Soko limefika mashambani! Sasa haina mwisho!" Jioni hiyo hiyo akauza baiskeli yake akaongeza hisa.

Ijumaa ya kwanza baada ya Owino kuonyesha ulimi msafi, bei ikashuka. Jonah akaeleza kwamba bei ikishuka ndio wakati wa mwenye akili kununua, akauza saa. Ikashuka tena, akauza koti. Ijumaa ya nne hapakuwa na bei. Ubao ulikuwa umefutwa, na mlango wa banda umefungwa kwa mnyororo.

Kwa hili namheshimu Jonah, nitasema. Mtu mwingine angekaa chini alie. Yeye alikumbuka swali la Kimaiyo. Alimtafuta Bwana Haskett akamkuta nyumbani kwake anafunga masanduku, anahamia Rhodesia kulima tumbaku. Jonah akasimama mlangoni, tai shingoni, koti hana, akamwambia kwa Kiingereza chake cha misheni: bwana, sikuja kugombana. Mali hufa, ni jambo la Mungu. Lakini mimi nilikupa ng'ombe wangu uwatunze, na kama wamekufa, nataka unionyeshe ngozi.

Haskett hakuelewa. Jonah akaeleza tena polepole: kwetu, mtunzaji haondoki hivi hivi. Ni lazima alete ngozi, mwenye mali aione, aridhike kwamba hakuibiwa. Mzungu alimtazama. Sijui alifikiri nini. Aliingia nyuma ya nyumba akatoka na bati kubwa la tangazo, lile lililokuwa limepigiliwa juu ya geti: msichana wa kizungu mwenye nywele za manjano, amefunga macho, ametoa ulimi waridi. Akampa. Jonah akashukuru.

Alirudi nalo Londiani kwenye treni, limefungwa kwa kamba. Siku hiyo nilikuwa stesheni nikiuza viazi. Nilikuwa nimejiandaa miezi yote kumcheka Jonah siku hiyo ikifika, nilikuwa hata na maneno. Nilipomwona akishuka na lile bati, nikainama nikapanga viazi vyangu upya.

Koito hakikuahirishwa. Dada yangu alitaka kuahirisha, lakini mzee Kosgei, kaka mkubwa wa baba yake Chemutai, alisema siku ni siku, na askari wa Kericho pia ameuliza siku. Chemutai hakula tangu asubuhi. Alikuwa jikoni pamoja nami anakoroga uji ambao ulikuwa umeiva zamani. "Mama mdogo," akaninong'oneza, "wakinipeleka Kericho nitatoroka." Nikamwambia akoroge.

Desturi ni kwamba upande wa mume unakuja na watu wake, na ng'ombe wanatajwa mmoja mmoja: rangi yake, alitoka kwa nani, amezaa mara ngapi. Hatupokei ng'ombe asiyejulikana alikotoka. Jonah akaja na Kipketer. Wawili tu. Na lile bati. Kimaiyo alikuwa ameketi upande wetu, upande wa mke, kwa sababu yangu. Sisi wanawake tulisimama nyuma ya mlango ambako kila kitu kinasikika na kuonekana.

"Haya," mzee Kosgei akasema. "Tuambie wa kwanza."

Jonah akasimama. Hakudanganya, na hilo pia nitalisema. Alieleza yote, hisa, ubao, Ijumaa, mnyororo mlangoni. Kisha akafungua kamba akaliweka bati katikati ya wazee. "Hii ndiyo ngozi," akasema. "Nimeileta mwone kwamba walikufa. Sikuwala."

Wazee walilipitisha mkono kwa mkono. Mmoja aligonga kwa kidole akasikiliza. Mwingine aliligeuza kutafuta alama ya moto ya mwenye ng'ombe. Nyuma ya mlango wanawake walikuwa wanang'ata vitambaa vyao wasicheke, na mimi nilikuwa miongoni mwao, lakini Chemutai alikuwa analia, kwa hivyo kicheko kilikuwa kinakuja na kurudi.

Mzee Kosgei aliliweka bati chini, uso wa msichana ukitazama chini.

"Kijana," akamwambia Jonah, "sisi hatukatai mtu kwa sababu ng'ombe wake wamekufa. Mwaka wa ugonjwa wa ng'ombe mimi mwenyewe nilioa kwa ahadi. Nililipa baada ya miaka. Unajua kwa nini walinipa binti yao?"

"Hapana, mzee."

"Nilikuja na watu watano. Kila mmoja alisema, huyu tunamjua, asipolipa yeye tutalipa sisi. Ng'ombe wa baba yako walikuwa katika nyumba ngapi?"

"Saba."

"Taja wenyewe."

Jonah akawataja, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa Kimaiyo sauti yake ikapungua.

"Wako wapi leo?" mzee akauliza. "Watu saba. Kwa nini hata mmoja hakuja kuketi nyuma yako?"

Jonah akageuka akatazama nyuma yake. Sijui alifikiri ataona nini. Palikuwa na Kipketer tu, kichwa chini, na kiti kilichobaki wazi. Hapo ndipo niliona uso wa Jonah ukielewa. Ule ubao ulipofutwa haukumfundisha kitu, na mnyororo haukumfundisha. Alielewa pale, mbele ya watu, na ilikuwa vibaya kutazama.

Mzee Kosgei alikuwa ameshafungua mdomo kumtaja wa Kericho, Kimaiyo akasimama. Alitoka upande wetu, akavuka katikati, akapita juu ya bati.

"Mimi nasimama," akasema. "Nina mtamba mmoja, wa kijivu, mama yake nilimnunua Molo, bado hajazaa. Natoa huyo leo. Hao wengine watano, Kipketer asipolipa nitalipa mimi." Akamshika Kipketer bega. "Lakini muelewe vizuri. Nasimama kwa Kipketer."

Yule mtamba alikuwa ndiye maziwa yangu ya mwaka ujao. Kimaiyo hakuniuliza. Nilihisi kama mtu amenivuta nywele, halafu Chemutai akanikumbatia kwa nyuma na kunilowesha shingo kwa machozi, na nikaona basi, nitakunywa turungi mwaka mwingine.

Wazee wakanong'onezana. "Mtu mmoja wa kusimama anatosha," mzee Kosgei akasema mwishowe. "Binti ni wa Kipketer."

Jonah akavuta pumzi, akanyoosha tai yake. Yeye ndiye kifungua mimba, na ni kazi ya kifungua mimba kushukuru kwa niaba ya nyumba ya baba yake. Akafungua mdomo. Mzee Kosgei akainua mkono, bila ukali.

"Wewe kaa. Tunataka kumsikia Kipketer, ndiye mwenye ng'ombe sasa."

Kipketer hakuwahi kuzungumza mbele ya wazee maisha yake yote. Aliongea vibaya, akarudia maneno, akasahau kuwataja wajomba, na hakuna aliyemcheka. Jonah alikaa na mikono magotini. Nilimhurumia, na nilikasirika kwamba namhurumia baada ya yeye kumnyima mtoto wangu maziwa.

Watu walipotawanyika alimngoja Kimaiyo kwenye ua. Mimi nilikuwa nimebeba vibuyu, nikawasikia.

"Rika," Jonah akasema, "tulitahiriwa siku moja. Mimi nilikuwa nimesimama pale peke yangu. Kwa nini hukusimama kwa ajili yangu?"

Kimaiyo si mtu wa maneno.

"Ningesimama juu ya nini, Jonah?" akasema. "Kila kitu chako kilichokuwa kwangu ulikuja ukakichukua."

Jonah akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu akaona ni ya haki. Halafu akaenda kungoja treni ya Nakuru, maana kesho yake ilikuwa siku ya kazi.